Jarife, mashua au chelezo cha mwani: uchague LoRa, laini ya simu, AIS au satelaiti?

Jarife likitegwa jioni na kufuatwa alfajiri, bahari imepewa saa 12 za kulichezea. Maji yakienda maili 1 ya baharini kwa saa, wavu uliokatika umeshafika kilomita 22 kutoka ulipoachwa. Wakati wa kusi, kwenye mkondo unaopanda kaskazini, mwendo wa maili 2 kwa saa si ajabu, na umbali unakuwa kilomita 44. Kibatari juu ya boya humsaidia mtu aliye karibu. Akishakipoteza machoni, anabahatisha.

Kifaa kinachosoma GPS na kutuma mahali kilipo sasa kinaingia ndani ya kipande cha bomba la PVC, na njia nne ndizo zinazobishaniwa: redio ya LoRa (hutuma ujumbe mfupi kwa chaji kidogo), laini ya simu, boya la AIS (mfumo wa vyombo vya majini kutangaziana vilipo) na moduli ya satelaiti. Wauzaji huzilinganisha kwa umbali ulioandikwa kwenye boksi. Anza na swali jingine: anayehitaji kujua yuko wapi? Nahodha anayetafuta wavu wake yumo baharini, kilomita chache tu kutoka kwenye boya. Mwenye mashua anayetaka kujua chombo kimefika wapi yuko nyumbani Tanga au Mombasa. Hawa wawili hawanunui kitu kimoja, hata kama duka moja linawauzia.

Urefu wa antena kwanza, nguvu baadaye

LoRa na AIS zote mbili hukomea karibu na upeo wa macho. Kuupata umbali huo ni hesabu ya kalamu: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa kila antena kwa mita, jumlisha viwili hivyo, zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita. Boya lenye antena mita 1 juu ya maji na mashua yenye antena mita 4 mlingotini: 1 na 2 ni 3, mara 4.12, yaani kilomita 12 na kidogo. Ukiweka antena ya kupokelea juu ya paa, mita 9 kutoka usawa wa bahari, unafika kilomita 16. Mnara wa mita 36 unakupa karibu 29.

Ndiyo maana kuongeza nguvu ya kutuma hakukusogezi mbali. Ukizidisha nguvu mara mbili, betri inaisha upesi na boya linabaki nyuma ya upeo uleule. Habari za LoRa kufika mamia ya kilomita ni za kweli, ila mara nyingi kifaa kilikuwa kimepanda angani kwa puto. Boya lako halipandi. Likiwa kwenye bonde la mawimbi ya mita 2 halionekani kabisa kwa sekunde kadhaa, na ujumbe uliotumwa wakati huo unapotea. Kila ujumbe ubebe mkao wa sasa pamoja na mmoja au miwili iliyotangulia, ili ukikosa mmoja usikose njia yote.

Hizi ni hesabu za betri moja ya lithiamu ya 3000 mAh, ambayo tunaihesabia asilimia 70 tu, yaani 2100 mAh, kwa sababu ya joto na uchakavu:

| Njia | Anayepokea | Umbali | Betri hudumu | Ada ya kila mwezi |
|---|---|---|---|---|
| LoRa | chombo chako, au kituo chako pwani | km 10 hadi 30, kwa urefu wa antena | siku 140, ikituma kila dakika 10 | hakuna |
| Laini ya simu ya 2G | popote penye intaneti | mwisho km 35 kutoka mnarani | siku 90, ikituma kila saa | bando |
| AIS | kila chombo chenye kipokezi | km 12 kwa mashua ya kawaida | siku 3 | hakuna |
| Satelaiti (Iridium) | popote penye intaneti | bahari zote | siku 75, ikituma kila saa | ada ya laini na ya kila ujumbe |

Mlaji mkubwa ni GPS

Wengi hudhani redio ndiyo inayomaliza betri. Kwa LoRa si hivyo. Kipokezi cha GPS kikitumia miliampea 30 kwa sekunde 10 kimekula 0.083 mAh. Redio ikituma kwa miliampea 45 kwa sekunde moja na nusu, tena katika hali yake ya polepole kabisa, imekula chini ya 0.02. Ukitaka kuokoa chaji, punguza muda wa GPS kwanza.

Hapo kuna mtego. Ili GPS ijue ilipo inahitaji taarifa za njia ya kila satelaiti, na kuzipokea kutoka satelaiti moja huchukua sekunde 18 zisizokatika, ndani ya mzunguko wa sekunde 30. Taarifa hizo zinafaa kwa takriban saa 4. Ukituma kila dakika 10, kipokezi kinaamka kikiwa bado nazo na kupata mkao ndani ya sekunde chache. Ukiamua kutuma kila saa 6 ili kuokoa chaji, kila mara kinaanza upya: sekunde 30 ukiwa nchi kavu, dakika kadhaa baharini, kwa sababu kila wimbi linaloosha antena linakatiza zile sekunde 18. Kutuma kila saa 1 au 2 mara nyingi ndiko kunakookoa zaidi. Hakikisha pia pini ya umeme wa akiba ya moduli ya GPS imeunganishwa moja kwa moja na betri. Ikizimwa pamoja na vingine, kila kuamka ni kuanza upya, na zile siku 140 hutaziona.

LoRa

Kwa jarife, hii ndiyo tunayoipendekeza, na bila kituo chochote pwani. Unahitaji bodi mbili zinazofanana: moja ndani ya boya, moja chomboni iliyounganishwa na simu kwa Bluetooth. Bodi za LILYGO T-Beam tayari zina LoRa, GPS na kishikio cha betri ya 18650, na programu huria ya Meshtastic inaonyesha boya kwenye ramani ya simu bila intaneti. Mtu asiyejua kuandika programu anaweza kuiweka mchana mmoja. Kasoro yake ni kwamba Meshtastic ilitengenezwa kwa mazungumzo, hivyo husikiliza muda wote na hula chaji. Ukiiacha na mipangilio yake ya mwanzo, zile siku 140 zinageuka siku chache. Kwa wavu unaorudi bandarini kila asubuhi na kuchajiwa, hilo si tatizo. Kwa boya la kukaa miezi, andika programu yako: amka, soma GPS, tuma, lala.

Ukienda njia ya LoRaWAN, yaani LoRa inayopitisha jumbe kwenye kituo cha pwani hadi seva ya intaneti, mambo mawili yatakubana. Kasi ya kutuma huchaguliwa kwa namba ya SF kuanzia 7 hadi 12. Ujumbe wa baiti 12 (latitudo, longitudo, chaji na muda zinatosha humo) huchukua milisekunde 62 kwa SF7, 412 kwa SF10 na 1483 kwa SF12. SF kubwa husikika ikiwa dhaifu zaidi, lakini inakaa hewani muda mrefu. Kwenye masafa ya 868 MHz ya mpango wa Ulaya, redio hairuhusiwi kukaa hewani zaidi ya asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Mtandao wa pamoja wa The Things Network unabana zaidi: sekunde 30 kwa siku kwa kila kifaa. Kwa SF12 hizo ni jumbe 20 tu. Wavu unaoelea unahitaji 144 kwa siku, kwa hiyo ama uwe na seva yako, ama uteremke hadi SF9 na kupandisha antena ya pwani.

Ruhusa ya masafa iulizie mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, kabla ya kuagiza vifaa. Bodi za 433, 868 na 915 MHz huuzwa zikifanana kama mapacha, na muuzaji hatakuuliza unaishi wapi.

Yanayoharibika kwenye LoRa yanajirudia. La kwanza ni kuwasha bodi bila antena: kikuza nguvu kinaweza kuungua mara ya kwanza inapotuma, na huoni moshi wala ishara yoyote, ila umbali unageuka mita 200. La pili ni antena ya 433 kwenye bodi ya 868. Pima kwa rula: waya wa robo wimbi kwa 868 MHz ni milimita 86. La tatu ni namba ya utambulisho wa mtandao ndani ya redio. Mitandao binafsi hutumia 0x12 na LoRaWAN 0x34, na bodi mbili zisizolingana hapo hazisikiani hata zikiwekwa meza moja.

Laini ya simu

Inavutia kwa sababu kila mtu anaielewa: laini, bando, na mahali chombo kilipo pamefika kwenye simu yako. Kwa chelezo cha mwani kilicho mita 500 kutoka ufukweni, au mashua inayovua ndani ya miamba, inatosha na ni nafuu.

Ila mtandao wa 2G una ukuta. Mnara hupima kuchelewa kwa mawimbi ya simu kwa hatua 63 za takriban mita 550 kila moja, na zikiisha, kwenye kilomita 35 hivi, simu haiungwi hata kama mawimbi yanafika yakiwa na nguvu. Kabla ya ukuta huo kuna ukanda mbaya zaidi, ambapo mtandao unakuja na kwenda. Humo kifaa hakizimi. Kinatafuta mnara, kinaunganishwa, kinakatika, kinatafuta tena, na kila jaribio linatumia chaji nyingi kuliko ujumbe wa kawaida. Weka kikomo kwenye programu: ikishindikana kwa sekunde 60, hifadhi mkao kwenye kumbukumbu na ulale hadi zamu ijayo.

Kosa la pili ni la umeme. Moduli za 2G kama SIM800L huvuta hadi ampea 2 kwa mishtuko mifupi sana. Betri ndogo au waya mwembamba ukishusha volti chini ya 3.4, moduli inajizima na kuwaka upya, na mtu analaumu mtandao. Kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na moduli huondoa tatizo hilo. NB-IoT na LTE-M, huduma za mtandao wa simu kwa vifaa vidogo, hula chaji kidogo kuliko 2G, lakini usinunue kwa sababu ya jina lililo kwenye boksi. Uliza kwanza kama mnara wa pwani yako umewashwa huduma hiyo.

AIS

Maboya ya AIS ya kufunga kwenye nyavu yamejaa sokoni kwa sababu yanaonekana moja kwa moja kwenye ramani ya kielektroniki ya chombo, na meli kubwa huyaona na kukwepa wavu. Faida hiyo ni ya kweli. Matatizo yake ni ya sheria na ya chaji.

AIS hutumia masafa mawili, 161.975 na 162.025 MHz, ambayo ni kwa usalama wa vyombo. Mengi ya maboya ya bei nafuu hutuma humo humo kwa namba ya MMSI (ya kutambulisha chombo) iliyobuniwa, na ofisa wa zamu anaona meli ambapo pana wavu. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa onyo kali mwaka 2018 dhidi ya vifaa hivyo. Mkutano wa dunia wa masafa wa 2019 ukavitengea vifaa visivyo vya usalama mahali pake: 160.900 MHz, nguvu isiyozidi miliwati 100, antena isiyozidi mita 1 juu ya maji. Kipokezi cha kawaida cha AIS hakisikilizi 160.900. Kwa hiyo boya halali huenda usilione kwenye ramani yako, na unaloliona kirahisi huenda si halali. Kabla ya kununua tazama masafa yaliyoandikwa kwenye karatasi ya kifaa, na namba yake. Zinazoanza na 674 au 677 ni za Tanzania na 634 ni za Kenya, na hutolewa na mamlaka, si na muuzaji.

Chaji inaisha kwa sababu AIS hugawana muda kwa vipande vya milisekunde 26.67, na ili boya lijue kipande chake GPS hubaki imewashwa karibu muda wote. Miliampea 30 kwa saa 24 ni 720 mAh. Hapo paneli ya jua ya wati 1 au 2 si pambo tena. Na kumbuka kila mwenye kipokezi anajua wavu wako ulipo, mwizi wa samaki akiwemo.

Satelaiti

Chombo kikivuka kilomita 35 na anayetaka habari yuko nchi kavu, hakuna njia nyingine. Iridium ina satelaiti 66 zinazozunguka kilomita 780 hivi juu yetu na kupokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo hakuna pengo katika Bahari ya Hindi. Moduli ndogo ya 9603 hutuma hadi baiti 340 kwa ujumbe mmoja. Malipo huhesabiwa kwa mafungu, mara nyingi ya baiti 50, kwa hiyo usitume mkao mmoja wa baiti 12 na kulipia 50: kusanya minne, tuma mara moja.

Satelaiti za Globalstar, tofauti na hizo, hurudisha ishara chini papo hapo, na lazima muda huohuo zione kituo cha ardhini. Angalia ramani ya huduma kwa pwani yako hasa, si ile ya dunia nzima iliyo kwenye tangazo. Jihadhari pia na kifaa kilichofungwa kwa kampuni moja changa. Swarm, yenye vifaa vidogo vya bei nafuu vilivyopendwa sana, ilinunuliwa na SpaceX mwaka 2021, na mwaka 2023 uuzaji wa vifaa vipya ukasimamishwa.

Kitu kimoja kisichanganywe na haya yote: EPIRB, boya la dharura la 406 MHz, si kifuatiliaji. Ni ya kuita uokoaji tu, na kifuatiliaji chochote kati ya hivi vinne hakichukui nafasi yake chomboni.

Maji ndiyo adui

Mawimbi ya redio ya masafa haya hayapiti maji ya chumvi zaidi ya sentimita chache. Kwa hiyo dema lililo chini halifuatiliwi. Kinachofuatiliwa ni boya lake. Maji ya bamvua yakilivuta boya chini, litanyamaza saa mbili tatu kisha litaibuka. Programu ihifadhi mikao na kuituma likiibuka, na wewe usitangaze wizi kabla maji hayajalala.

Umbo linalofaa ni bomba refu linalosimama wima. Kipande cha PVC cha milimita 110 chenye urefu wa sentimita 60 kinaelea mradi uzito wote, wake na wa vilivyomo, usifike karibu kilo 5.7. Funga mnyororo wa kilo moja na nusu mwisho wa chini, betri iwe chini, antena juu kabisa, GPS ikitazama mbingu. PVC haizuii redio, lakini rangi ya fedha yenye unga wa alumini inaweza kuizuia. Paka ya machungwa ya kawaida.

Alama ya IP67 maana yake ni mita 1 ya maji kwa dakika 30, siyo mwezi wa mawimbi. Mfuniko wa juu uwe na mpira wa kuzibia uliopakwa grisi ya silikoni, na wa chini ugundishwe moja kwa moja. Funga siku kavu, ukiwa na mfuko wa silika jeli ndani, kwa sababu hewa ya unyevunyevu iliyofungiwa ndani hugeuka matone usiku boya linapopoa. Ukimwaga epoksi kulinda bodi, usiifunike antena: epoksi huhamisha masafa yake na unapoteza sehemu ya umbali uliolipia. Skrubu za chuma cha pua zisigusane na shaba ndani ya maji, mojawapo italiwa.

Kwa hiyo, nani achukue nini

Jarife na nyavu za kuelea: LoRa kati ya boya na chombo, kila dakika 10, antena ya mlingotini mita 4 au zaidi. Weka maboya mawili, moja kila mwisho, maana wavu ukikatika katikati boya moja litakuonyesha nusu tu.

Chelezo cha mwani na vizimba vya samaki: laini ya simu yenye kengele ya kuhama, itakayotuma pale tu mkao unapotoka nje ya mita 50. GPS hucheza mita 3 hadi 5 yenyewe, na chelezo huzunguka nanga yake, kwa hiyo kikomo cha mita 10 kitakuamsha kila usiku. Vyelezo vikizidi kumi, kituo kimoja cha LoRaWAN juu ya paa ni nafuu kuliko bando kumi.

Mashua zinazolala nje ya miamba: Iridium kila saa, au kifaa chenye laini ya simu na satelaiti pamoja, kinachojaribu mnara kwanza. AIS tungeichagua pale wavu unapokaa kwenye njia ya meli, ikiwa na kibali na namba halali.

Lolote utakalochagua, lijaribu kwenye pipa la maji ya bahari kabla ya kulitupa. Liache linaelea usiku kucha na jiwe dogo limefungwa juu ya mfuniko ili lizame nusu. Asubuhi hesabu jumbe zilizofika dhidi ya zilizotumwa, kisha fungua na uguse ndani kwa karatasi ya chooni. Ikiwa na unyevu popote, tatizo liko kwenye mpira wa mfuniko, na ni afadhali kulijua ukiwa bado uani.